Utenzi wa Kijiti Kimoja

Duka langu Makorora
halina mlango bora,
nalala na biashara
ya vocha za sandukuni.

Nina simu tatu mbovu,
moja imevaa kovu,
nyingine ina uchovu,
hushinda iko chajini.

Ya kwanza laini Radi,
mabango yake: ahadi;
Mwanga haina hasidi;
na kongwe wao, Jirani.

Wateja huja na swali:
"Hebu sema kwa ukweli,
ipi inakwenda mbali,
ipi mbio mtaani?"

Huwajibu kwa utamu,
nikiitaja kwa hamu
ile ya posho timamu,
kamisheni mfukoni.

Alikuja Mwanasiti,
mama muuza chapati,
akavuta kile kiti,
akakaa kivulini.

Hakuniuliza mbio,
wala bando la video,
alitaka masikio
ya kusikia la ndani:

"Mbelwa akata mkonge,
analitafuta tonge,
hupiga kama mnyonge
na hukatika njiani.

Nasikia: 'Mama, nina…'
kisha sauti hakuna.
Usiku nalitafuna:
nina njaa? nina nini?

Ipi itamfikia?"
Ulimi ukanivia,
nikaona haya pia,
simu tatu mkobani.

Nilipanda pikipiki
ya Hoza, mtu hacheki,
na daftari, na biki,
mwanzo wetu Ngamiani.

Radi pale ikaruka:
filamu nzima kushuka
kikombe hakijafika
cha kahawa mdomoni.

Mwanga ikaja ya pili.
Jirani, picha kamili
dakika kumi na mbili,
kiduara kiooni.

Hoza akasema: "Tupa!
Huyo Jirani mfupa."
Nikasema: "Bado. Hapa
tungali tuko mjini."

Pongwe tulipoipita
Radi ikawa yasita,
vijiti mkia fyata
kama mbwa ugenini.

Mwanga ikafa kwa wingu,
tone moja tu la Mungu,
ikageuka kirungu
cha kubeba mkononi.

Mkonge, safu kwa safu,
miiba yake mirefu,
na kiwanda, na harufu
ya maji ya mitaroni.

Nikapita huku, huku,
kama mfukuza kuku;
vibarua kwa shauku
wakacheka mashambani.

Mnyapara, Semgomba,
akaja akaniomba:
"Acha kuzunguka shamba,
twapigia mizanini."

Mizani ya kupimia
singa, na kuandikia:
Jirani hapo hulia,
kijiti kimoja ndani.

Kimoja tu. Si cha mwendo,
wala hakina kishindo;
hatua moja ya kando,
kimeshakwenda Amboni.

Nikamkuta kijana
juu ya bati, mchana,
foleni ikisongana,
kila mtu na nyumbani.

Alipopanda, mshale
ukayumba huku, kule,
ukatua pale pale
palipo na hamsini.

Nikapiga Makorora.
Ikaita mara, mara;
sauti kama ya chura,
lakini nzima, jamani!

Mama hakumsalimu.
Akauliza muhimu:
"Juzi, mwanzo wa msimu,
ulisema nina nini?"

Mbelwa akawaza sana,
akacheka: "Nilinena
kwamba nina… nina… nina…
sikumbuki, ni zamani."

Kimya. Nikasema, "Basi,
imekatika upesi."
Kumbe yuko, anahisi
neno jingine kinywani.

"Na hapo umesimama
wapi?" Akajibu: "Mama,
ni hapa tunapopima
singa, juu ya mizani."

"Basi tazama mshale,
nisomee namba ile."
Akasoma. Mama yule
akanyamaza. Lakini

nikasikia chapati
zaungua katikati
ya kimya. "Pata wakati
kula, mwana. Hamsini?"

Jioni nikaandika:
Radi: mjini, haraka.
Mwanga: mvua, hukatika.
Jirani: ni hamsini.

Mteja akija sasa
posho bado yanitesa,
lakini kabla ya pesa:
"Unampigia nani?"