Beseni Nyuma ya Mlango

Tulipohamia Oli, vyumba viwili, ua mmoja
wa wapangaji sita, tuligawana kazi kwa maneno mepesi
kama watu wanaogawana karanga kiganjani:
wewe jiko, mimi maji, wewe nguo, mimi vyombo,
na kufagia, atakayeamka kwanza.
Uliamka kwanza wewe. Siku zote.
Hilo sikulihesabu.

Vyombo niliviosha, Letaru, Mungu shahidi yangu,
yeye na ile sufuria ya enyasa
iliyogandiwa muhogo kama saruji ya fundi mlevi.
Niliisugua kwa majivu na gunzi la mahindi.
Ila niliosha ndani,
pazia nimelishusha, nimechutama
kama mwizi anayehesabu alichoiba,
maji machafu nikayamwaga saa tatu usiku
uani pasipo na jicho.

Asubuhi ulivitoa wewe, ukavianika juani vinang'aa,
na Mama Rajabu akakusifu:
"Binti wa Maracha, mikono yako ina baraka."
Ulitabasamu. Ukanitazama.
Mimi nikainamia simu ya mteja, kioo kimepasuka,
nikajifanya natafuta ufa.

Kisha Jumamosi ile, mfuniko ukanisaliti.
Joto lilinifanya niache mlango wazi kidogo.
Ukaponyoka na povu lake, ukapita chini ya pazia,
ukabingirika uani, ukazunguka mara tatu
ukalala miguuni pa Mama Rajabu.
Nikaufuata, mikono myeupe hadi viwiko.
"Ezati! Kulikoni?"
Na mimi, mwana wa kiume, tena wa Terego, nikasema:
"Letaru anaumwa."

Ulirudi kutoka sokoni saa kumi na moja,
sindano bado zimechomekwa kolani,
ukakuta kibuyu cha uji, ndimu tatu,
mwarobaini kwenye kikombe cha bati,
na wanawake wanne wakikupa pole.
Mmoja alishakukadiria mimba.
Uji uliunywa. Ulisema asante.
Mwarobaini nao uliunywa, wote, hadi machicha,
ukinitazama juu ya ukingo wa kikombe.

Usiku hukupiga kelele. Afadhali ungepiga.
Ulisema: "Nusu unayoifanya gizani
mimi ninaivaa mchana.
Sifa napewa mimi, haya. Na lawama?
Sahani ikilala na ukoko, watamtaja nani?
Kwetu hujapeleka hata mbuzi mmoja, Ezati.
Katika ua huu mimi ni mke
kwa ushahidi wa masizi tu."

Nilikuwa na jibu, tena zuri:
madumu manne ya maji kila alfajiri,
kwa baiskeli, kutoka bomba la njia panda, mbele za watu.
Likafika ulimini, nikalisikia lenyewe:
mbele za watu.
Nikalimeza. Lilikuwa chungu kushinda kikombe chako.

Jumapili nikabeba beseni hadi katikati ya ua,
pale kivuli kinapokwisha.
Sufuria, sahani, ule mfuniko mbeya.
Baba Rajabu akakohoa, akaongeza sauti ya redio.
Mtoto mmoja akacheka, akavutwa sikio.
"Bado anaumwa?"
"Hapana. Na jana hakuumwa. Ni zamu yangu."

Nilingoja mbingu ianguke.
Mama Rajabu akasogea, akainama,
akakodolea macho sufuria yangu kwa muda mrefu.
"Hapo ukingoni," akasema, "umeacha."

Nikasugua ukingoni.

Ndani ulikuwa umelala, au ulijilaza tu, macho wazi,
ukisikiliza bati likigongana na bati.
Nilipoingia na vyombo, nikauona ufagio
umeegemea ukuta, pale pale,
na vumbi la asubuhi limetulia likisubiri mtu.
Nikaupita.
Kesho nitaukumbuka, au utanikumbusha,
na kukumbusha nako ni kazi, Letaru,
sijui tuiandike upande wa nani.