Kushoto Juu ya Kulia

Jumamosi maji ya mfereji hufika Kiamunyi saa kumi alfajiri,
yakikohoa kwanza, kisha kutu, kisha yenyewe.
Najaza madumu saba. La nane ni la kumwogeshea Mama,
nalimimina kwenye sufuria la harusi,
lile lililopikia watu mia mbili
enzi alipoweza kulibeba peke yake.

Nyuma ya nyumba ukingo wa Menengai unafuka.
Huko ndiko kazini kwangu: natoboa mlima, nasoma geji,
narudi na ovaroli inayonuka yai viza.
Harufu hiyohiyo ndiyo iliyonipokea
mlangoni kwa Bi Shizue, milimani Kyushu,
mwaka tuliopelekwa kusomea mvuke.

Nyumba ya wageni ya mbao, vyumba sita,
theluji imekaa juu ya paa kama mgeni asiyeaga.
Viatu, mlangoni. Ndara za ukumbini.
Ndara nyingine, za chooni tu,
nami, mhandisi mwenye cheti,
nikatoka nazo chooni mpaka mezani.
Wazee wawili wakainamia bakuli za supu
wasije wakacheka.

Joho la pamba nililifunga mwenyewe. Bi Shizue akalifungua.
Kushoto juu ya kulia, akaonyesha kwa mikono.
Kulia juu ya kushoto?
Akalala mkekani, akafumba macho,
akakunja mikono kifuani,
kisha akainuka, akajipangusa magoti.
Nikaelewa bila mkalimani.

Halafu dimbwi la mawe, mvuke, na watu uchi
wenye umri wa mama yangu, wanaamkuana kama sokoni.
Niliketi kwenye kigoda na kitaulo
kisichotosha kusetiri hata goti.
Bibi mmoja, ngozi imemlegea kama shuka kuukuu,
hakuuliza, alichukua kitambaa
akaanza kunisugua mgongo,
pale katikati, pasipofika mkono wa mwenye mgongo.
Nililia.
Maji ya moto yana wema huo, hayatoi siri.

Mama hataki kuogeshwa.
Mkono wa kushoto umelala tangu Februari,
mdomo umekwenda upande,
lakini aibu haikupatwa na kiharusi. Aibu yake nzima.
"Funga mlango."
Umefungwa, Mama.
"Funga tena."

Sijui niliwaza nini. Nikavua blauzi. Nikavua sketi, na vyote,
nikaketi kando ya beseni
kwenye kigoda cha kukamulia alichokuja nacho mjini.
Akanitazama muda mrefu, juu mpaka chini.
"Umenenepa," akasema.
Nikacheka, naye akacheka
kwa nusu ya mdomo iliyombakia.

Nikamkunjia taulo mara nne, nikamtulizia kichwani.
Nikamsimulia theluji, na ndara, na Bi Shizue.
Akasikiliza kama mtu anayeuziwa shamba lake mwenyewe.
"Wewe," akasema, neno likingoja jingine,
"mimi nimezaliwa Loboi.
Bogoria tulichemsha mayai kwenye kikapu, kwa kamba.
Nyanya yangu alikaa kwenye mvuke ule
kila mifupa ilipomkatalia.
Wala hatukulipia chumba."

Mgongo wake una alama ya mbeleko, mstari mweusi begani.
Tulipita hapo watoto watano.
Nikasugua polepole, nikafika katikati,
naye akanyamaza, kichwa kimeinama,
taulo likateleza likaanguka majini
hakuna aliyeliokota.

Baridi ya Kiamunyi haimngojei mtu.
Nikamfunga leso harakaharaka,
mkono wangu ukaleta kulia juu ya kushoto.
Nikasita.
Nikaifungua.
"Nini tena?"
Hakuna kitu, Mama. Ilikaa vibaya tu.