Buku Mbili Juu ya Meza

Sanduku la bati limeshika kutu kwenye bawaba,
nalifungua kwa kijiko.
Mna barua saba, kadi ya chanjo,
kipande cha mshahara wa askari,
na karatasi moja ya Kifaransa
yenye mhuri wa zambarau uliochujuka kwa jasho la mtu.
Zote zina jina langu.
Mimi, Mwilambwe Evaristi wa Lubumbashi,
sijawahi kushika bunduki.

Mji huu ulikuwa bado unaitwa jina la malkia.
Usiku ule nilitoka zamu ya tanuru,
macho moshi, mikono inanuka shaba,
nikala bukari baridi na lenga-lenga, nikalala kama gogo.
Orodha ya kapita ilikuwa imesomwa mchana:
kijana mmoja kila nyumba.
Yetu ilikuwa na mmoja tu.

Baba hakuniamsha.
Alisaga mkaa, akauchanganya na mawese,
akapaka mvi zake mpaka kichwa kikawa cheusi kama chungu.
Akachukua buku yangu, umri: miaka ishirini.
Akaacha yake mezani, umri: arobaini na minne,
akaigandamiza kwa pampu ya baiskeli
isipeperuke.

Asubuhi nikaenda kazini na uso wangu
na miaka ya baba yangu.
Kapita alisoma namba, hakusoma uso.

Barua ya kwanza ilitoka Juba, kwa mkono wa karani,
mwandiko wa misheni, herufi zimesimama kama ziko misani:

Baba mpendwa, mimi mwanao ni mzima.
Daktari alinigonga kifua, akahesabu meno, akaridhika.
Vijana wa hapa wananiita Babu.
Nimewaambia ni jina la ukoo.

Niliisoma nimesimama. Nikacheka.
Kisha nikakaa chini.

Baba, magoti yangu yanalia tukipiga kwata,
sajini anadhani ni viatu.
Baba, ile pampu usiiuze.
Baba, huku mvua inanyesha kama imetukanwa.
Baba, tumevuka mto Baro, na hapo
wino wa mkaguzi umefuta mistari minne.
Miaka mingi nimeiinua mbele ya taa,
haijanipa hata irabu.

Ya tano ina madoa ya mafuta.
Ile dawa ya kichwa imekwisha, anasema,
nimenyoa.

Karatasi ya Kifaransa nilisomewa na padri.
Kuhara damu. Gambela. Mwezi wa saba.
Akanishika bega, akanipa pole
kwa kufiwa na mwanangu wa pekee.
Majirani walijua.
Walikaa matanga ya Evaristi kwa sauti,
na ya Kilufya kimyakimya,
mimi katikati ya mkeka,
mfiwa na marehemu.

Kampuni ilinistaafisha nina miaka thelathini na mmoja.
Buku ilisema hamsini na mitano.
Nikapewa saa ya mfukoni na blanketi,
na mkurugenzi akasifu jinsi Mungu
alivyonitunzia ngozi.
Wajukuu wakiniuliza nilizaliwa lini
nawauliza: kwa buku ipi?

Barua ya saba ni nusu ukurasa.
Karani si yule wa kwanza; mwandiko umeinama kulia.
Nadhani alikaa ukingoni mwa kitanda,
na baba, kwa homa, akasahau yeye ni nani,
maana mstari wa tatu unauliza:

Evaristi anakula? Zamu ya usiku wamempunguzia?

Kalamu imeukata mstari huo, mara mbili.
Labda karani alisema, Mzee, Evaristi si wewe?
Kwa hiyo chini yake imeandikwa upya, kwa usafi:

Baba, mimi Evaristi ninakula.