Upande wa Moyo

Kwa anayeshika kibao kwa mkono wa kulia,
mpira unaokuja kushoto huja upande wa moyo.
Huupokei kwa kiganja. Unaupokea kwa mgongo wa mkono,
kama mtu anayefunga mlango huku amebeba sufuria.

Nilimwambia hivyo Dezső, muuza vifaa wa Miskolc,
naye akavua miwani, akaifuta kwa shati:
Etelka, mimi nauza raba, sihubiri.
Unataka ya unene gani?

Juu ya kaunta akaziweka tatu.
Ya kwanza laini, sponji yake rangi ya kiini cha yai;
ukiibonyeza kwa dole gumba inazama, kisha inarudi taratibu
kama mtoto aliyekemewa.
Ya pili inanata. Aliigandisha kimpira, akaigeuza,
kimpira kikaning'inia, nikahesabu mpaka nne.
Ya tatu ina chunusi fupi, nyekundu, safu kwa safu,
na hiyo, alisema, haijali adui amesokota nini:
haisikii matusi, kwa hiyo haijibu.

Hiyo niliishika muda mrefu kuliko zote.

Nje tramu ilipita ikikwaruza kona.
Kona ile nimeikata mimi miaka ishirini na sita,
breki mkono wa kushoto, theluji kwenye kioo,
na abiria hawajui kwamba kuendesha ni kupunguza.

Raba yangu ya sasa aliichagua Vilmos.
Milimita mbili na nukta moja, ya kasi, ya washambuliaji,
kwa kuwa, alisema, wewe ndani ni moto.
Labda alikuwa anamzungumzia mtu mwingine.
Aliondoka na koti moja na redio,
raba ikabaki, na miaka tisa, kila Alhamisi,
Kornélia wa kiwanda cha bia ananipigia kulekule kushoto,
nami nazuia tu, nazuia, mpira unaruka meza nzima
unaangukia viatu vya watu wa benchi.
Samahani. Neno nililolitumia kuliko gundi.

Chanda chema huvikwa pete;
mimi mgongo wa mkono wangu niliuvika
mkono wa mtu mwingine.

Nipe hii laini, nikasema. Milimita moja na nusu.
Dezső akainua nyusi: hiyo ni ya polepole.
Ndiyo.
Hata watoto wa shule watauona mpira ukija.
Wauone.

Usiku niliibandua ya zamani. Ilitoka kwa kelele
kama plasta kwenye nywele,
ikaacha mbao nyeupe isiyowahi kuona mwanga.
Nikapaka gundi, nikangoja ikauke, nikabandika mpya,
nikaisukuma kwa chupa tupu ya mvinyo,
nikakata pembeni kwa mkasi wa kushonea.
Ile ya Vilmos niliikunja mara mbili
nikaisokomeza chini ya mguu wa mashine ya kufulia.
Sasa haitetemeki.

Alhamisi Kornélia akanipiga kushoto. Mpira wangu ukaishia wavuni.
Wa pili, wavuni. Akatabasamu.
Wa tatu niliusikia kabla sijaona ulikokwenda:
sauti ya kikombe kikiwekwa juu ya kitambaa.
Ulivuka. Ukaanguka karibu na wavu, mfupi, bila haraka,
naye Kornélia alikuwa amesimama nyuma kabisa,
akiusubiri pale ulipokuwa ukiangukia miaka tisa.

Nilipoteza seti ile, kumi na moja kwa nane.
Sikumwomba mtu samahani.