Pimamaji

Saa nane za usiku, Kaptembwo. Birika limeanza kunung'unika.
Nyaboke analia kama mtu anayedai haki yake.
Ngoja, mwanangu. Baba yako ni mwashi,
na mwashi haanzi kazi na karai chafu.

Nimenawa, sabuni hadi viwiko.
Simiti ya Ijumaa ilikataa kutoka kwenye kucha,
nikazikata zote hadi nyama ikauma.
Chupa imechemka ndani ya sufuria ndogo ya bluu
ambayo haipikiwi kitu kingine. Sukuma wiki marufuku humo.
Chuchu, kifuniko, koleo vimelala juu ya kitambaa
kama vifaa vya fundi mwingine, asiyeniamini.

Mama yako yuko kitandani, amegeukia ukuta.
Dawa anazomeza hazitakiwi ndani ya maziwa yake.
Wiki ya kwanza kifua kilimlowesha leso mbili kwa siku,
na jirani akasimama mlangoni kuuliza,
"Kwani ziwa la Kerubo limekauka?"
Nikamjibu: ziwa la Nakuru nalo limejaa
hadi ndani ya nyumba za watu. Nani analinywa?

Maji haya si ya kisima cha ploti.
Ya kisima nayajua, tazama meno yangu,
kahawia kama bati kuukuu,
na maji yale yalichemshwa kila siku ya utoto wangu.
Moto huua vijidudu. Madini hayaogopi moto.
Ndiyo maana nabeba mtungi kutoka kule wanakochuja,
begani, mlima mzima.

Sista Wairuri wa kliniki aliniuliza kazi yangu.
"Basi utaelewa," akasema. "Maji kwanza, ndipo unga.
Tisini kwa vijiko vitatu.
Na maji yawe bado moto unapochanganya,
hata unga wa kopo huweza kuja na wadudu wake."
Kijiko nakisawazisha kwa mgongo wa kisu,
sishindilii, sijazi kichuguu.
Mkono uliozoea mawe ya tisa kwa tisa
unatetemeka kwa uzito wa vumbi.

Nikuambie siri, kwa kuwa hujajua kusema.
Jumanne kopo lilionyesha chini,
na tajiri wa mjengo wa Lanet hajalipa wiki ya pili.
Mkono ukaninong'oneza: ongeza maji, punguza kijiko,
mtoto hajui kuhesabu.
Niliutambua mkono huo.
Ndio uliochanganya simiti moja kwa mchanga kumi
kule Barut, mwenye nyumba akiwa safarini.
Mifuko iliyobaki tukaiuza, tukala nyama.
Ukuta ulisimama. Ulipendeza, hata tukaupiga chokaa.
Kisha mvua ya Aprili.

Asubuhi nilimpelekea Okumbe pimamaji yangu,
ile ndefu, niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza wa ufundi.
Nikarudi na kopo moja na nyanya za mia.

Kwa hiyo sasa naiinua chupa hadi usawa wa macho,
nasubiri maji yatulie kwenye mstari.
Naikoroga, naipoza ndani ya beseni la maji baridi,
tone moja kwenye kifundo cha mkono: vuguvugu.
Haya. Kunywa.
Naiinamisha ili chuchu ijae, hewa isikuingie,
na kiputo kimoja kinapanda hadi kitako cha chupa,
kinatetemeka, kinatafuta kati.

Umeacha ishirini. Umelala mdomo wazi.
Mjomba wako angeyafunika mpaka asubuhi,
lakini simiti iliyoanza kushika haikorogwi tena.
Nayamwaga. Nasikia shilingi zikishuka mferejini.

"Amekunywa ngapi?" Kerubo anauliza, kumbe hajalala.
"Sabini."
"Na zilizobaki?"
"Nimemwaga."
Ananyamaza kitambo.
"Basi lete hiyo chupa," anauambia ukuta, "nikuoshee."