Herufi Moja

Shule yetu ina watoto elfu moja mia tisa na kumi na wawili.
Nawajua kwa nambari.
Iko nje kidogo ya Malindi, ukishapita uwanja wa ndege,
na ndege ya saa nne inaposhuka
madarasa thelathini na sita hunyamaza kwa pamoja,
chaki hewani, midomo wazi,
kisha x inaendelea kutafutwa.

Mimi ni karani. Wananiita Bi Muhuri
wakidhani sisikii.

Januari ile foleni ilianza dirishani kwangu
ikaishia kwenye matangi ya maji,
kila mzazi na bahasha yake, kila bahasha na deni lake.
Stima ilipotea mara mbili
na mimi nilikuwa na jino bovu.
Sitafuti udhuru. Nasema tu jino lilikuwa bovu.
Msichana akataja jina, nami nikaandika:
Nyavu Kalume Thoya. Nambari 8346. Kidato cha Kwanza Mkwaju.

Alisema Nyevu.
Nyevu, jina la nyanya yake,
jina la ardhi iliyokwisha kunyeshewa.
Nikabonyeza A palipotakiwa E,
na mtoto aliyeletwa akiwa mvua
akaingia darasani akiwa matundu yaliyounganishwa kwa uzi.

Watoto hawana simile.
Nyavu, umenasa nini leo?
Nyavu, mbona umetoboka?
Akaitika. Angefanyaje?
Kwenye shule ya watu elfu mbili kasoro
usipoitikia jina la daftarini, wewe ni mtoro.
Alikuja dirishani mara moja, akashika nondo,
nikamwambia rudi wiki ijayo.
Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo.

Kidato cha pili, mwalimu Ruwa akamweka langoni,
mpira wa mikono,
kwa kuwa alikuwa mrefu na mwenye nafasi yake ana tetekuwanga.
Huko ndiko jina lilikoota ngozi.
Siku ya fainali shule nzima ilipanda juu ya madawati,
juu ya ukuta, juu ya choo cha walimu:
Nyavu hatikisiki! Nyavu hatikisiki!
Hata mimi nilitoka, muhuri mkononi.
Mpira wa mwisho aliudaka kwa kifua na kucha,
nikajikuta nalipigia kelele kosa langu mwenyewe
kana kwamba nililitunga kwa makusudi.

Kisha ukaja usajili wa mtihani.
Baraza halina mzaha:
jina litakaloingia ndilo litakalochapwa kwenye cheti,
ndilo litakalomfuata benki, kazini, hadi kwa kadhia asizozijua.
Nikamwita. Akaja na nyanya yake,
mwanamke mfupi, viatu kaviangika vidoleni,
akaweka kitambulisho juu ya kibodi yangu.
"Soma."
Nikasoma.
"Tena."
Nikasoma tena, polepole, nikiikanyaga E kwa uzito wote.
"Basi huyo ndiye mimi. Huyu mwingine mmemtoa wapi?"

Sikuwa na jibu lenye muhuri.
Msichana alikuwa anatazama kabati la vikombe nyuma yangu,
pale kimoja kilipochongwa jina lake lisilo lake.
"Bi Muhuri," akasema
(kumbe wanajua nasikia)
"andika la nyanya.
Lakini lile la kwenye kikombe usilikwangue."

Futa A. Weka E.
Sekunde moja. Miaka minne.

Januari imefika tena, foleni iko kwenye matangi.
Jino niling'oa. Stima ipo.
Mvulana ameinama dirishani, ananong'ona jina lake
kama mtu anayelipa kwa sarafu za mwisho,
na juu ya kichwa chake ndege ya saa nne inashuka.
Nanyanyua mikono kutoka kwenye kibodi.
Nangoja ipite.