Winchi Inataka Mti

Bondi ya Nakawa, saa tatu asubuhi.
Magari yamepangwa kama wanafunzi gwarideni,
vumbi la Japani lingali kwenye mikeka yake.
Kyeswa anazungusha ufunguo
na dashibodi inanisalimu kwa lugha nisiyoijua.
"Lina miaka kumi na moja," asema,
"lakini mwili wa msichana."
Namtazama.
"Mwili wa chuma, Daktari."

Karatasi ya nyongeza ina mistari kumi na tisa,
bei zimeandikwa kwa penseli
ili zifutike tukipatana
au zinenepe nikichelewa.

Viti vya ngozi, milioni mbili na nusu.
Ngozi nimeidunga sindano, nimeishona,
nimeikagua kupe tangu nitoke chuoni;
si lazima pia niikalie.
Dirisha la paa: la kuonea nini?
Jua la Kotido halingoji kualikwa.
Kamera ya nyuma anaitaka Teko, mume wangu,
yuko kwenye simu, anataka pia taa sita juu
na nikeli mbele ing'ae mpaka kanisani.
"Ukipita, watu wajue."
Teko, watu wa Rengen wananijua
kwa kikohozi cha gari langu la zamani.
Hata mbuzi wanakijua, hutawanyika
kabla sijazima injini.

Pua ya bomba, ya kupandishia pumzi hadi paani:
hapa nanyamaza.
Nimeuona mto mkavu asubuhi,
watoto wakifukua maji mchangani kwa kibuyu,
na saa kumi jioni mto uleule umebeba mti mzima,
na mvua haikunyesha kwetu, ilinyesha kwa wengine.
Nilichojifunza pale ni kungoja,
na kungoja hakumo kwenye karatasi ya Kyeswa.
Nafuta. Naandika tena. Nafuta.

Halafu winchi.
Milioni tatu na laki mbili:
mbuzi ishirini wa mnada wa Kanawat.
Waya wa chuma, ndoano nyekundu kama ulimi.
Kyeswa anaisifu mpaka anatoka jasho.
Kizuri chajiuza, nasikia;
mbona wewe huchoki?

Mei ya mwaka juzi, udongo mweusi,
magurudumu yamezama, gari limelalia tumbo,
sanduku la chanjo limebakiwa na barafu ya saa nne.
Nilizunguka nikitafuta chochote kilichosimama.
Tambarare. Kichuguu kimoja, nacho kilegevu.
Winchi inataka mti, Kyeswa.
Umewahi kufika mahali
ambapo kilichosimama ni watu tu?

Walikuja saba na kamba ya ngozi ya ng'ombe.
Lemukol alihesabu, mkewe Nakut akasukuma kwa mgongo,
mimba ya miezi minane,
nikamkemea, akajifanya hasikii.
Gari likang'oka kama jino.
Nikauliza, niwalipe nini?
Nakut akachungulia nyuma: friji, madebe, kreti.
"Siku nyingine," alisema, "uwe na pa kukaa mtu."
Akashika njia ya zahanati kwa miguu,
kilomita kumi na nne,
na bado alinipungia mkono.

Basi andika.
Matairi manne ya meno makubwa,
na la tano lisiwe la mzaha.
Betri ya pili, ya friji.
Na benchi la nyuma, lile la kukunja, lenye mikanda.
"Benchi?" Laki nne, limelala stoo,
hajaliulizia mteja tangu Pasaka.
"Lakini halina fahari, Daktari."
Andika.

Teko anapiga tena: "Na winchi?"
Ninayo, namwambia. Iko Rengen.
Ina watu saba, na mmoja sasa amezaliwa,
wanane.

Anacheka, anakata simu, hakuelewa.
Kyeswa anapuliza vumbi la kifutio.
Ile pua, nakiri, bado naiwaza
mvua inaponyesha kwa wengine.